Vimondo Ishirini na Tatu vya Lodwar

Lodwar
Jumapili, 3 Oktoba 1976

Kwa dada Nakeno,

Bweni ni tupu leo. Wenzangu wamekwenda mtoni Turkwel kufua, nami nimebaki ili nikuandikie bila mtu kuchungulia begani.

Tangu uondoke Aprili kwenda kufanya kazi katika zahanati ya Kakuma, sina mtu wa kumsomea. Nakumbuka nilipolazwa kwa malaria, nawe ukiwa msafishaji wa wodi, ulikuwa ukiniambia, "Wewe soma, mimi napiga deki huku nasikiliza." Wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu hawataki kusikiliza. Kipkemboi, tunayeketi naye dawati moja, ananiita Profesa, na si kwa heshima.

Nimepata kitabu. Kilikuwa nyuma ya kabati la maabara, hakina jalada, na kimechapwa Uingereza. Kinaeleza anga mwezi baada ya mwezi. Kumbe vimondo tunavyoviona vikikatiza usiku havipiti ovyo. Kila mwaka, siku zilezile, dunia hupita katika vumbi lililoachwa na nyota yenye mkia, na vumbi hilo huwaka juu yetu. Vimondo vya Oktoba hufika kilele tarehe 21 na 22. Huonekana kana kwamba vinatoka karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Mwaka huu siku hizo hakuna mbalamwezi.

Sasa ombi langu. Kitabu kinasema watu wawili walio mbali wakikiona kimondo kimoja, na kila mmoja akaandika saa na njia kiliyopita, hesabu ya pembetatu inaweza kuonyesha kiliwaka juu kiasi gani. Nimepima kwa rula kwenye ramani ya darasani. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita mia moja na tano kwa mstari ulionyooka. Inatosha. Mwalimu Chelangat wa fizikia amesema nikimletea namba ataiingiza kazi hiyo katika maonyesho ya sayansi mwishoni mwa muhula. Sitaki kusimama mbele ya watu, wewe wanijua. Nataka tu kujua ni juu kiasi gani.

Je, utakesha nami usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 22, kuanzia saa saba mpaka saa tisa? Saa uilinganishe na redio wakati wa habari za saa tatu usiku, nami nitafanya hivyo hapa. Njia uipime kwa ngumi na vidole vya mkono ulionyooshwa, kama nilivyokuonyesha wodini.

Mdogo wako,
Naftali Opondo


Kakuma
11 Oktoba 1976

Mdogo wangu Opondo,

Ejok, salamu nyingi. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la unga, ina alama ya kidole cha mafuta juu ya jina langu, lakini yote inasomeka.

Nitakesha. Huku tunalala nje juu ya ngozi hata hivyo, kwa hiyo kazi yangu itakuwa kutofumba macho tu. Dresa wetu anayewadunga wagonjwa sindano, Bwana Kariuki, alipoisikia habari hii alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Nakeno, kazi ya mchana imekushinda, sasa unatafuta ya usiku?" Lakini amekubali kuniazima saa yake ya mkononi, mradi nisiivae nikikamua mbuzi.

Nami nina habari. Hospitali ya huko Lodwar imenijibu. Wananiita kwenye usaili wa mafunzo ya uuguzi tarehe 15 Novemba. Watauliza hesabu na Kiingereza, hayo sawa. Kisha watapima macho, na hapo ndipo ninapoogopa.

Ninaishi na nyanya Nabei, mama wa mama yangu. Macho yake yaliharibiwa na ule ugonjwa unaofanya nywele za kope zigeukie ndani na kukwaruza jicho. Kila asubuhi namng'oa nywele hizo kwa kibanio, moja moja, lakini sasa haoni kitu ila mwanga. Mama yangu alianza akiwa na miaka thelathini. Mimi nina ishirini, na upepo ukivuma machozi yananitoka. Sijamwambia mtu hapa. Ukikataliwa kwa ajili ya macho, jina lako linaandikwa hivyo na huitwi tena.

Basi nitayapima kwa vimondo vyako. Wewe una macho mazuri. Nikiona unachokiona, nitakuja Lodwar. Nisipokiona, nitakuwa nimejua mwenyewe kabla ya kujulishwa mbele ya watu.

Jambo moja. Sitahesabu. Nyanya hataki. Kwetu mifugo haihesabiwi, wala watoto. Ukitaja idadi unaita hasara. Mjomba Losike ana mbuzi wengi, na jioni wakiingia zizini hatamki namba hata moja. Anawaangalia tu wakipita, kisha anasema, "Yule mweusi mwenye baka shavuni hayupo," naye anachukua fimbo kwenda kumtafuta. Nitaviangalia vimondo vivyo hivyo, kila kimoja kwa rangi yake na njia yake.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma
Ijumaa, 22 Oktoba 1976

Mdogo wangu Opondo,

Naandika kabla sijalala, lori linaondoka saa mbili asubuhi hii.

Nyanya hakutaka kulala peke yake, akalala ubavuni pangu akiwa ameelekea juu kama mimi. Kila nilipoona kitu nilimweleza, naye akakipa jina, kama anavyowapa mbuzi majina wakizaliwa.

Wa kwanza alikuja saa saba na dakika kumi na moja. Mweupe, mwembamba, alitoka kushoto kwa zile nyota tatu akashuka upande wa mto.

"Amepita?" nyanya akauliza.

"Amepita, nyanya. Mweupe, ana mkia mrefu."

"Huyo ni jike. Wa pili atakuwa mwanawe."

Wa pili, saa saba na ishirini na sita, alikuwa mwekundu kidogo, akaelekea mlima Pelekech. Aliacha moshi uliodumu hata nikavuta pumzi mara tatu. Wa tatu na wa nne walifuatana wakiwa na rangi ya majivu, karibu saa nane kasoro dakika tano, lakini walikimbia pande mbili tofauti. Nyanya akasema, "Mchungaji wao amelewa."

Kisha kwa muda mrefu hakupita kitu. Nikaanza kuogopa. Nikamwuliza kama ni mimi nisiyeona. Akasema, "Wamekwenda kunywa maji. Hata mbuzi wa Losike huenda kunywa maji." Na kweli, saa nane na nusu alipita mmoja mkubwa wa kijani utosini mwetu, hata nikaona ukingo wa zizi. Nyanya alinyanyua kichwa. Anasema aliuhisi mwanga wake, nami sikumbishia.

Wengine wako kwenye karatasi ya pili, pamoja na saa zao. Nitumie wako. Nasubiri kuliko unavyodhani.

Dada yako,
Nakeno


Lodwar
24 Oktoba 1976

Kwa dada Nakeno,

Nilikesha kama tulivyopatana. Anga lilikuwa safi. Katika saa mbili niliona vimondo ishirini na tatu. Hii ndiyo orodha.

Cha kwanza, saa 7.05, kutoka kwenye nyota tatu kwenda mashariki. Cha pili, saa 7.10, kwenda kusini, mwangaza wa wastani. Cha tatu, saa 7.15, kwenda mashariki tena. Vilivyobaki nimevipanga kwenye jedwali nyuma ya karatasi hii. Kilichopendeza kuliko vyote ni cha kumi na mbili, saa 8.00 kamili. Kilipita chini ya Nyota ya Kaskazini, juu sana angani, kikaacha mstari wa kijani.

Mwalimu Chelangat amefurahi. Aliitaja namba yangu mbele ya darasa zima. Kipkemboi bado ananiita Profesa, ila kwa sauti nyingine.

Hongera kwa usaili. Barua hii ni fupi kwa sababu kesho tuna mtihani wa jiografia.

Mdogo wako,
Naftali Opondo


Kakuma
Jumanne, 2 Novemba 1976

Mdogo wangu Opondo,

Niliilaza karatasi yako kando ya yangu juu ya meza ya dawa, nikatafuta kwa kidole. Hakuna hata kimoja kinacholingana. Vyako sikuviona. Na vyangu wewe hukuviona, hata yule wa kijani aliyemulika zizi. Sijui nilichokiona ni nini. Labda ni machozi; mwanga ukipita ndani ya chozi hufanya mkia.

Nilidhani kosa ni la saa. Bwana Kariuki akaudhika, "Saa hii nilinunua Nakuru, usiisingizie." Tukailinganisha tena na redio. Haikosei.

Nikamwendea mjomba Losike malishoni. Nikamwomba anionyeshe Nyota ya Kaskazini, ile iliyo juu sana. Akageuka kaskazini, akatazama, akanitazama mimi.

"Nimechunga upande huo tangu sijaota meno ya kutafunia nyama," akasema. "Nyota zote za huko zinatembea karibu na ardhi. Hiyo unayoitaka iko juu ya kichwa cha nani?"

"Kuna mtu ameiona Lodwar, mjomba."

"Aliyeiona hakuwa amelala Turkana."

Nikakasirika. Nikamwambia wewe uko kidato cha tatu na una kitabu kilichoandikwa na watu wanaojua. Akacheka akasema basi kitabu kina macho kumshinda yeye. Mjomba naye ni mtu mzima sasa. Labda ugonjwa wetu unamnyemelea na yeye hajui.

Nimeandikia hospitali kwamba sitafika tarehe 15. Barua nilimpa dereva jana. Usinisikitikie. Bwana Kariuki amesema nitaendelea hapa kuchemsha sindano na kuwashika watoto wakidungwa, na kazi hiyo haihitaji kuona mbali. Nyanya ameuliza kwa nini siendi. Nimemwambia usaili umeahirishwa.

Nakutakia heri katika maonyesho yako. Vyako ni ishirini na tatu. Wewe kwenu mnahesabu, hakuna ubaya.

Dada yako,
Nakeno


Lodwar
Jumapili, 7 Novemba 1976

Kwa dada Nakeno,

Macho yako hayana kosa lolote ninalolijua. Mimi sikuona kimondo hata kimoja. Orodha yote ni uongo.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa nje baada ya saa nne, kwa hiyo ilinipasa kumwomba mwalimu mkuu ruhusa. Nilikwenda mlangoni kwake mara tatu wiki ile. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili nilijifanya nasoma tangazo mpaka kengele ikalia. Mara ya tatu aliniona mwenyewe akasema, "Ndiyo, kijana?" nikamjibu nimekosea ofisi.

Basi nilitoka bila ruhusa. Saa saba kasorobo nilikuwa nyuma ya karakana na blanketi langu. Mwalimu wa zamu akanimulika kwa tochi.

"Opondo! Umeahidiana na nani hapa?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "vimondo" labda angeketi nami. Nikasema nakwenda chooni.

"Na blanketi?"

Alinisindikiza mpaka kitandani. Dirisha letu linatazama ukuta wa jikoni. Nililala macho wazi mpaka alfajiri nikiutazama ukuta huo.

Asubuhi Kipkemboi aliuliza mbele ya bweni zima, "Profesa, umevuna ngapi?" Nikasema ishirini na tatu. Sijui namba hiyo ilitoka wapi. Darasani Mwalimu Chelangat aliniuliza, nikairudia. Baada ya hapo ilinibidi niitengenezee vimondo, vyote ishirini na tatu, na sikuwa na pa kuvitoa ila kitabuni. Mjomba wako alisema kweli. Kitabu ni cha Uingereza, na huko Nyota ya Kaskazini huonekana juu. Kwetu iko chini kabisa, pale mbingu inapogusa ardhi, vumbi huifunika. Nilinakili bila kutoka nje hata mara moja kuitafuta. Tafadhali mwambie mjomba Losike hana ugonjwa wowote.

Kuna lililo baya zaidi. Barua yako ya tarehe 22 ilinifikia Ijumaa tarehe 29. Niliwaona mbuzi wako, nikatambua kwamba uliona kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kubuni wawili wa rangi ya majivu wanaokimbia pande tofauti. Ningeweza kukuandikia siku hiyohiyo. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba maneno yako kuhusu macho ni mzaha, kwamba mtu mzima hawezi kumfanya mtoto wa shule kuwa kipimo chake.

Tafadhali njoo tarehe 15. Barua hii nampelekea dereva mkononi.

Naftali Opondo


Lodwar
Jumanne, 16 Novemba 1976

Kwa dada Nakeno,

Jana nilipata ruhusa ya kwenda hospitalini, nikasimama getini tangu asubuhi hadi jioni. Niliwaona wasichana kumi na mmoja wakiingia. Hukuwemo. Watu wanasema mito imejaa na malori yamekwama, kwa hiyo sijui kama ulikataa au hukupata barua yangu.

Mwalimu Chelangat nimemwambia. Nilimwambia mbele ya darasa, kwa sababu namba yenyewe aliitaja mbele ya darasa. Hakunipiga. Alifuta jina langu kwenye orodha ya maonyesho, akasema, "Keti." Kipkemboi hajaniita jina lolote tangu siku hiyo.

Jana pale hospitalini, saa kumi na nusu usaili ulipokwisha, niliingia ndani. Anayesimamia wauguzi ni Sista Bilha, mwanamke mrefu anayeongea bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Nilimweleza yote. Alinionyesha ndoo niketi juu yake. Nilipomaliza akainua kichwa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyempofusha?"

"Ndiyo, Sista."

"Nimepata barua yake ya kukataa, tena ina mwandiko mzuri. Siwezi kumshikia mtu nafasi kwa maneno ya mvulana. Mwambie aandike mwenyewe. Kuna usaili mwingine tarehe 17 Desemba, wa wale waliozuiwa na maji. Na macho yake tutayapima sisi, si wewe."

Nimefikisha ujumbe. Shule ikifungwa nitakwenda kwa baba, Longech kando ya ziwa, ambako anafanya kazi na wavuvi. Kitabu kinasema vimondo vingi kuliko vyote vya mwaka huonekana usiku wa tarehe 13 Desemba, kuanzia saa tatu, na mwezi hautachomoza mpaka karibu saa sita. Sikuombi ukeshe. Nakujulisha tu.

Naftali Opondo


Kakuma
23 Novemba 1976

Opondo,

Barua zako mbili zimefika pamoja Ijumaa iliyopita. Mto Tarach ulijaa, lori likakaa ng'ambo siku nane mpaka barua ya pili ikalikuta hapo, na unga wote umeota ukungu. Nilifungua ile ya pili kwanza. Nikajua umekiri kabla sijajua umekiri nini.

Siku kumi na saba niliamini napofuka, Opondo. Nitakwambia nilivyozitumia. Nilikuwa nikienda kisimani jioni watu wakiwa wameondoka, nikafumba macho, nikajifunza njia kwa miguu. Nilijua jiwe la kwanza liko wapi na mti wa miiba uko wapi. Nilijifunza kupima dawa kwa kugusa chupa. Nilimtazama nyanya anavyotafuta kikombe chake, anavyotandaza vidole kwanza, nikaiga. Nilikuwa nimekwisha kuwa hodari. Bwana Kariuki alinikuta siku moja akasema, "Unacheza mchezo gani wewe?" nikamjibu nacheza kombolela.

Nyanya nimemweleza kweli yote. Akauliza, "Ni mtoto wa nani huyo?"

Nikasema, "Wa mtu anayefanya kazi ya samaki."

"Ndiyo maana. Hajawahi kupoteza mbuzi. Mchungaji akisema yupo asiyekuwepo, fisi ndiye anayeshiba." Kisha akaniambia nisikuchukie mpaka mvua iishe. Mvua imekwisha.

Bado sijui nina macho gani. Hilo nataka ulielewe. Uliniambia mimi ni mgonjwa, sasa unaniambia mimi ni mzima, na mara zote mbili hukuwa na habari. Machozi yananitoka leo kama yalivyokuwa yakinitoka jana.

Sista Bilha nimemwandikia. Nitakuja tarehe 17 Desemba. Wewe utakuwa Longech, na ni vizuri. Tarehe 13 nitakesha, lakini kwa ajili yangu.

Nakeno


Longech
Jumanne, 14 Desemba 1976

Kwa dada Nakeno,

Najua hukuniomba kuandika.

Jana usiku nilimwambia baba mapema kwamba nitalala mchangani. Aliuliza kwa nini, nikamweleza. Alisema, "Basi chukua turubai, umande ni mwingi." Ilikuwa rahisi hivyo.

Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu kwa taa ya karabai waliniona. Akuwam, nahodha wa mashua moja, akapaza sauti, "Mtoto wa Opondo amechoka na samaki, sasa anavua nyota!" Wote wakacheka. Nikawaeleza. Sauti yangu ilikatika mara mbili, lakini nilifika mwisho. Akuwam akasema, "Zimeni taa tuone kama anadanganya."

Wakazima. Wakalala mchangani karibu nami, watu kama kumi, na baada ya dakika chache hakuna aliyecheka. Walikuwa wakipiga kelele kila kimoja kilipopita, wakabishana ni cha nani. Vilikuwa vingi kuliko nilivyoweza kuandika. Nimeandika vile tu nilivyoviona kwa macho yangu mwenyewe. Sikuandika walivyoviona wengine mimi nikiwa nimeinamia karatasi. Kati ya saa nne na dakika tano na saa nne na robo nilisinzia. Vimondo viwili nimeviandika bila saa kwa sababu tochi ya baba ilikataa kuwaka. Kimoja sina hakika kama kilikuwa kimondo au cheche ya sigara ya Akuwam.

Karatasi yenyewe ni hii hapa, ile ile niliyoiandikia mchangani. Sikuinakili upya, samahani kwa mwandiko.

Naftali Opondo


Kakuma
Jumatatu, 20 Desemba 1976

Mdogo wangu Opondo,

Nimerudi jana juu ya magunia ya mtama, na karatasi yako nimeikuta kwenye zahanati, ina mchanga ndani.

Nianze na usaili. Hesabu nilipita, Kiingereza nilipita kwa shida. Kisha Sista Bilha akanipeleka mwisho wa ukumbi ambako bango la macho limetundikwa, lile lenye herufi moja tu inayoelekea kulia, kushoto, juu na chini, nawe unaonyesha kwa mkono inakoelekea. Ni bango lile lile tulilo nalo Kakuma. Mimi ndiye ninayelifuta vumbi kila asubuhi. Ninalijua lote kichwani, mpaka mstari wa chini kabisa. Bwana Kariuki alikuwa ameniambia wakati wa kuondoka, "Wewe utapita hata ukiwa umelala."

Sista akasema, "Funika jicho la kulia. Anza."

Ningeweza kuanza. Hakuna ambaye angejua. Nafasi zilikuwa sita na sisi tulikuwa tisa. Umeona, nami nimehesabu.

Nikasema, "Sista, bango hili nimelikariri."

Akanitazama. "Kwa nini unaniambia?"

Nikasema, "Nimekuja kujua macho yangu yakoje. Nikikuonyesha niliyoyakariri, nitarudi Kakuma bila kujua."

Alikwenda ukutani, akalitoa bango kwenye msumari, akalitundika kichwa chini. Kisha akarudi akasimama karibu nami. "Haya, sasa."

Kwa jicho la kulia niliona mistari yote. Kwa la kushoto niliona mpaka mstari wa tatu kutoka ule wa herufi ndogo kabisa. Uliofuata nilikaza jicho, nikaona majivu tu. Nikasema sioni. Akasema nijaribu. Nikasema tena, sioni.

Daktari aliugeuza ukope wangu wa kushoto, akaniambia ugonjwa umeanza humo, makovu madogo, na nywele mbili zimekwisha kupinda. Nitatia dawa asubuhi na jioni, na mwezi wa Aprili watanifanyia operesheni ndogo kabla jicho halijawa kama la nyanya. Sista Bilha akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yangu. Nikamwuliza kama nimekataliwa. Akasema, "Muuguzi anayesema hakuona kitu ambacho hakukiona, ninaye mmoja tu wodini, na anastaafu mwakani. Mafunzo yanaanza Mei. Uje na sweta, kuna zamu za usiku."

Nililia nilipokuwa juu ya lori, kwa mambo yote mawili.

Sasa karatasi yako. Nimeilaza kando ya yangu. Nyingi hazilingani, na sikushtuka, maana wewe ulisinzia na mimi mara mbili nilikwenda kumfunika nyanya. Lakini mtazame huyu. Wewe umeandika saa nne na dakika arobaini, amekatiza juu kidogo upande wa magharibi, wa manjano, akavunjika vipande viwili. Mimi nimeandika saa nne na dakika arobaini na moja, upande wa mashariki, yaani huko kwenu ziwani, chini ya zile nyota tatu, wa rangi ya asali, mama na mtoto wakaachana njiani. Saa ya Bwana Kariuki huenda mbele dakika moja siku za joto, nimehakikisha kwa redio.

Nilikaa nazo karatasi hizo mbili muda mrefu. Ni macho haya, la kushoto na la kulia, yaliyomwona, nawe ulikuwa kando ya ziwa ukimwona yuleyule.

Njia yake nimeichora upande wa pili, pamoja na vilele vya mlima nilivyoviona chini yake, na nimeipima kwa ngumi na vidole vya mkono ulionyooshwa, kama ulivyonifundisha wodini. Hesabu ya pembetatu mimi siijui. Ifanye wewe. Januari shule ikifunguliwa mpe Mwalimu Chelangat aikague, hata kama maonyesho yamepita. Nataka kujua alikuwa juu kiasi gani. Na kama hesabu haitoki, niandikie kwamba haikutoka.

Dada yako,
Nakeno